Kwaya si ya kanisa peke yake: vijana wa pwani nao wafunzwe kuimba kwa wingi

Kuna fikira moja iliyokita mizizi hapa kwetu pwani, nayo ni kwamba kwaya ni jambo la kanisa na okestra ni jambo la Wazungu. Mzazi wa Kiislamu akisikia kwamba mwanawe ameingia kwaya ya shule, humwita akamwuliza amepatwa na nini. Mwalimu naye, kwa kuchelea maneno ya wazazi, huwapanga jukwaani watoto wengine, na wetu hubakia chini kupiga makofi. Haya nimeyaona katika shule zaidi ya moja.

Wakati huo huo taarabu yetu inazidi kupungukiwa na watu. Arusi ambayo zamani ingeletewa udi, fidla, akodiani na dumbaki, leo mara nyingi huletewa kijana mmoja na kinanda cha umeme, ambacho ndani yake mna fidla za bandia na ngoma za bandia. Mwimbaji huimba peke yake, na waitikiaji, kama wapo, ni wawili au watatu. Basi mtoto wetu hukosa huku na huku. Shuleni haingii kwaya, na mtaani hakuna tena kundi kubwa la kumfunza kuimba pamoja na wenziwe.

Jambo hili si dogo hata likaachwa lijiendee. Naliandikia leo kwa sababu, nilipokuwa mwanafunzi Uingereza, nilijaaliwa kuimba katika kwaya ya watu wapatao mia moja na hamsini, pamoja na okestra kamili. Sisemi haya kwa kujigamba, maana mia na arobaini na tisa walikuwa wakiimba nami na wengi wao walinishinda. Nayasema kwa kuwa niliyoyaona kule yamenionyesha hazina tuliyo nayo hapa, nasi tunaiacha iozee ghalani.

WAFANYAKAZI WA VIWANDA

Mji niliosomea ni Leeds, katika jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Ni mji uliokua kwa viwanda vya kufuma sufu. Yeyote anayedhani kwamba kuimba kwa okestra ni mchezo wa mabwana na mabibi angeshangaa kule. Katika mji jirani wa Huddersfield kuna chama cha waimbaji kilichoasisiwa mwaka 1836, na hadi leo kipo. Katika karne hiyo ya 19, wafumaji, wachimbaji makaa na wauza maduka walitoka kazini jioni, wakanawa, wakaenda kuimba.

Watu hao wangewezaje kusoma muziki, na wengi hawakupata shule ya maana? Walisaidiwa na njia nyepesi ya kuandika sauti kwa herufi, ile ya do, re, mi. Mwalimu mmoja mwanamke wa mji wa Norwich, Sarah Glover, ndiye aliyeibuni, na John Curwen akaitengeneza na kuieneza tangu miaka ya 1840. Baadaye wamishenari waliichukua mpaka Afrika, na ndiyo hiyo hiyo ambayo mwalimu wa muziki huiandika ubaoni katika shule zetu mpaka leo. Kwa hivyo silaha iliyomfanya mfumaji wa Yorkshire aimbe kazi za mabingwa tayari tunayo mikononi mwetu.

KAZI YENYEWE

Kazi tuliyopewa ilikuwa Simfoni ya Tisa ya Beethoven, Mjerumani aliyeishi Vienna. Aliimaliza mwaka 1824, na sehemu yake ya mwisho aliitungia kwa shairi la Schiller la mwaka 1785, linalosifu furaha na kusema kwamba wanadamu wote watakuwa ndugu. Ni shairi la mshairi, si sala ya kanisani. Yamo maneno ambayo Mwislamu hangeyasema kwa itikadi yake, kama yalivyomo katika mashairi mengi ya kale, ya Waarabu na ya kwetu pia. Mtu mzima hujua kupambanua kati ya shairi na shahada.

Kila Jumatatu usiku, kwa majuma kumi, tulikutana katika ukumbi wenye baridi kali, na mpiga piano mmoja akishika nafasi ya okestra nzima. Kazi yote huchukua kama dakika sabini, lakini kwaya huimba robo saa tu au kupita kidogo. Majuma kumi kwa robo saa! Kiongozi alitutamkisha maneno kwanza bila ya sauti, kisha akafunza kila kundi sauti yake, soprano na alto za wanawake, tena na besi za wanaume. Mimi nilikuwa katika besi.

Maneno yalikuwa ya Kijerumani, na wenzangu Waingereza walihangaika nayo kuliko mimi. Sababu yake naijua. Mtoto aliyekaa chuoni kwa maalimu amekwisha kufunzwa kuhifadhi kwa kurudiarudia, kutoa kila herufi mahali pake, na kujua pa kuvuta pumzi na pasipovutwa. Sisemi kwamba Kur'ani ni wimbo, hasha! Nasema kwamba ulimi na pumzi zilizofunzwa chuoni hazishindwi na kazi yoyote ya sauti. Watoto wetu huingia shule ya msingi wakiwa na mafunzo hayo tayari, na shule haiyatumii.

Jambo la pili nililojifunza ni kupumua kwa zamu. Kuna mahali katika kazi ile ambapo wanawake wa soprano hushikilia sauti moja ya juu kabisa kwa vipimo zaidi ya kumi. Hakuna pafu la mwanadamu linaloweza hayo bila ya taabu, lakini kundi laweza. Huyu huvuta pumzi wakati yule angali anaimba, kisha hurudi taratibu bila ya kusikika, na msikilizaji hudhani sauti haikukatika. Aliyewahi kukaa katika safu ya wasomaji wa maulidi usiku kucha anaijua siri hiyo, ingawa hakuna aliyemfunza kwa kitabu.

Na jambo la tatu ni kusikiliza. Kiongozi wetu alikuwa akisema kwamba ukijisikia mwenyewe tu, basi umepaza mno, na usipomsikia jirani yako umekwisha kupotea. Katika safu ile hapakuwa na nyota. Daktari alisimama karibu na mpishi, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza karibu na profesa, na kosa la mmoja lilikuwa la wote.

KUNYAMAZA NI KAZI

Okestra tulikutana nayo siku ya onyesho lenyewe, Jumamosi mchana. Kabla ya yote, mpigaji wa oboe alitoa sauti moja, na ala zote zikajipatanisha nayo. Oboe na zumari yetu ni ukoo mmoja, zote ni za mti na zote huimba kwa mwanzi unaotetemeka mdomoni. Kwa hivyo katika okestra ya Kizungu, yenye fidla kadha wa kadha na matarumbeta ya shaba, ni jamaa wa zumari anayetoa amri ya kuanzia.

Kisha tuliketi kimya. Simfoni ile ina sehemu nne, na kwaya haina neno katika tatu za kwanza. Ni dakika arubaini na tano au zaidi za kukaa mbele ya macho ya watu bila ya kukohoa wala kujikuna. Wapigaji wa ngoma kuu, matoazi na pembetatu nao hungoja vivyo hivyo. Vijana wa leo tumewazoeza kwamba asiyeonekana hayupo. Mimi sijui somo bora la adabu kuliko lile la kukaa dakika arubaini na tano ukisikiliza kazi za wenzio, ukijua kwamba zamu yako itafika na lazima ikukute tayari.

Zamu ilipofika ilianza kwa chini. Sellesi na besi za okestra zilianza peke yake, polepole, kama mtu anayejiimbia njiani, na ala nyingine zikajiunga kundi baada ya kundi. Halafu mwimbaji mmoja wa besi akasimama akaita neno la furaha, na sisi wanaume wa besi katika kwaya, kabla ya mwingine yeyote, tukamwitikia. Akaita tena, tukaitikia tena. Jambo ambalo ulimwengu umelistahi kwa miaka mia mbili limeanza kwa mmoja kutoa na wengi kuitikia! Kwani sisi tunafanya nini katika kasida? Na wavuvi walifanya nini walipovuta juya, au manahodha walipotweka tanga? Nilipofungua kinywa sikuhisi ugeni hata kidogo.

NGOMA ZA WATURUKI

Katikati ya sehemu hiyo ya mwisho hutokea jambo ambalo msomaji wa hapa pwani atapenda kulijua. Kwaya hunyamaza ghafla, ngoma kuu ikaanza kugonga kwa mbali, kisha pembetatu na matoazi yakaingia, na mwendo ukageuka kuwa wa askari wanaotembea. Muziki huo Wazungu waliuita wa Kituruki. Ni mwigo wa bendi za askari wa Sultani wa Istanbul, ambao majeshi yao yaliizingira Vienna mwaka 1529 na tena mwaka 1683. Waliposikia ngoma zile Wazungu waliziogopa, kisha wakazitamani, mwisho wakaziingiza katika okestra zao. Dola ya Uthmania yenyewe ilivunja jeshi hilo na bendi zake mwaka 1826, miaka miwili tu baada ya Beethoven kutoa kazi yake.

Na si hayo tu. Udi wa Waarabu ndio uliozaa ala ya Kizungu iitwayo lute, na jina lenyewe linatokana na udi. Rababa ni katika mababu wa fidla. Nakkara, zile ngoma za shaba zilizopigwa juu ya farasi na ngamia, ni asili ya ngoma kubwa za shaba zilizo nyuma ya kila okestra. Kisha fidla ikarudi kwetu kwa njia ya Misri ikawa mama wa taarabu. Ala huenda na kurudi kama majahazi, na haifai mtu kusimama bandarini akasema hii ni yao na ile ni yetu.

Beethoven mwenyewe alikuwa kiziwi siku ile ya tarehe 7 Mei 1824 kazi ilipoimbwa mara ya kwanza huko Vienna. Watu walishangilia naye amewapa mgongo, hasikii kitu, mpaka mwimbaji mmoja mwanamke, Caroline Unger, akamgeuza ili aone mikono na vitambaa vikipepewa.

WALIOICHUKUA WENGINE

Sitaki msomaji adhani kwamba nausifu wimbo huu kama kwamba hauna doa. Mwaka 1974 serikali ya Ian Smith ya Rhodesia iliuchukua mtambo wake ikaufanya wimbo wa taifa. Wimbo wa udugu wa wanadamu wote ukaimbiwa serikali iliyowanyima Waafrika haki katika nchi yao. Kuimba vizuri hakumfanyi mtu kuwa mwadilifu, na hilo tulijue mapema.

Lakini tuwatazame Wajapani. Kazi hii iliimbwa nchini mwao nzima kwa mara ya kwanza mwaka 1918, na walioiimba walikuwa wafungwa wa vita, Wajerumani, katika kambi ya Bando. Leo kila mwezi wa Desemba huimbwa Japani katika miji mingi, na huko Osaka, tangu mwaka 1983, hukusanyika waimbaji elfu kumi, raia wa kawaida, wakaimba kwa sauti moja. Wajapani wengi si Wakristo wala hawakuwa Wazungu kwa kuimba. Walichukua kwaya kama walivyochukua reli, na mila zao wakabaki nazo.

HAZINA YETU

Sisi hatuna haja hata ya kuazima wimbo. Lamu ina maulidi yake, yaliyoshika tangu zama za Habib Saleh, ambapo matwari na sauti za mamia ya watu hukutana kwa nidhamu ambayo kwaya yoyote ya Ulaya ingeionea wivu. Unguja wanayo Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905 na Culture tangu mwaka 1958, vikundi ambavyo katika siku zao bora vilipanga safu za fidla, ganuni, udi, nai, sellesi na akodiani, kwa mfano wa vikundi vya Kairo vilivyompigia Umm Kulthum. Hapa Mombasa tulikuwa na mabingwa kama Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, na Zein l'Abdin wa udi, aliyefariki mwaka 2016. Walakini desturi yetu Mombasa imekuwa ya mwimbaji mmoja na kikundi kidogo, na bingwa akifa huondoka na kikundi chake. Kundi kubwa hurithiwa. Akifa mmoja, mia na arobaini na tisa wamebaki, na kiti chake hupata kijana wa kukikalia.

Na kama kuna anayesema kwamba sauti za pwani haziwezi kubebwa na kwaya na bendi kubwa, na akumbuke wimbo wetu wa taifa. Wataalamu walioutayarisha mwaka 1963 waliuchukua kutoka kwa wimbo wa Wapokomo wa Mto Tana, ambao mama humbembelezea mtoto. Kila siku ya sikukuu ya taifa bendi ya askari huupiga na maelfu huuimba. Wimbo wa mama wa pwani ndio uliobeba nchi nzima.

Najua kuna watakaoniuliza juu ya hukumu ya ala. Mimi si mufti. Wanazuoni wametofautiana tangu kale, wako waliokataza na wako walioruhusu kwa masharti, na Imamu Ghazali ameliandikia jambo hilo mlango mzima katika Ihya. Asiyeridhika na fidla na tusimlazimishe. Kwaya ya sauti tupu, au ya sauti na matwari, ni kwaya kamili, na pengine hiyo ndiyo ya kuanzia.

LA KUFANYWA

Basi nini la kufanywa? Kwanza, wazazi na waondoe shaka. Neno kwaya maana yake ni kundi la waimbaji, na kinachoimbwa ni hiari ya wenyewe. Tamasha la Muziki la Kenya lipo tangu mwaka 1927, na shule zetu zaweza kulipelekea kasida na mashairi ya pwani yaliyopangwa kwa sauti nne, yakaimbwa na watoto hamsini au sitini.

Pili, serikali za kaunti zisijitie uziwi. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni. Wazee wanaojua fidla, ganuni na udi wangali wapo wachache, na wengine wanakaa barazani bila ya kazi. Wapewe mshahara wa mwalimu na vijana kumi kumi. Tusingoje wafe ndipo tuwaandikie tanzia ndefu.

Tatu, tujifunze kwa jirani. Unguja walifungua chuo cha muziki wa nchi za majahazi, na tangu mwaka 2002 kimefunza vijana ala hizi hizi. Lakini mwaka 2019 chuo hicho nacho kilitangaza kwamba kiko hatarini kufungwa kwa ukosefu wa fedha, kwa kuwa kilitegemea mno misaada ya wageni. Funzo lake ni wazi. Chombo cha utamaduni kisichotiwa fedha na wenyewe hukaa roho juu siku zote. Sisi tunaochanga maelfu kwa arusi ya usiku mmoja hatushindwi kuchangia fidla ishirini za watoto wetu.

Watoto hawa tunalalamika kila siku kwamba hawasikilizi na hawana subira, na kwamba unga wa kulevya unawamaliza vibarazani. Sidai kwamba kwaya ni dawa ya maradhi hayo yote. Lakini kijana ambaye kila Jumatatu usiku anangojewa na watu mia, wanaojua kwamba sauti yake ikikosekana safu itapwaya, ana sababu moja zaidi ya kutokuwa kibarazani usiku huo. Shule zifungue milango yao jioni, wazee wa fidla na waitwe, na sisi wazazi tuwape watoto ruhusa ya kwenda.